Maneno Aliyolishwa Suhasi Rane

Busia, Uganda
9 Machi 2024

Babu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi ni mzima. Kukhu mkeo pia ni mzima, ingawa ukimuuliza atakujibu "niko" kwa sauti ya mtu anayefunga duka. Baba bado yuko Juba na lori lake.

Nakuandikia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba simu haitusaidii tena. Tangu ule upasuaji wa koo mwezi wa kumi huna sauti, na sasa nikipiga, dada yako Bibi Specioza anakuwekea simu sikioni na mimi nasikia pumzi tu. Na unanijua, mimi mwenyewe si msemaji. Basi tunakaa hivyo, wewe kimya, mimi kimya, mpaka salio linaisha. Kwenye karatasi labda tutaweza.

Sababu ya pili ni kitabu. Pale wanapouza vitabu vya mitumba, karibu na stendi, niliona uso wa Suhasi Rane. Babu, Suhasi Rane mwenyewe, na ile pete ya puani! Wewe ulinifundisha jina lake kabla sijajua kusoma, ulipokuwa ukituigizia filamu zake jikoni umeme ukikatika. Ni kitabu cha maisha yake, kurasa mia tatu na arobaini, kwa Kiingereza. Nilipita mbele ya kibanda mara tatu bila kuuliza. Mara ya nne, Edwin anayeuza akasema, "We dada, ukipita tena nitajua ni mimi unanitaka, siyo vitabu." Watu wakacheka. Nilichukua kitabu nikalipa bila kuuliza bei, na sijui kama alinirudishia chenji iliyo sawa.

Nimemaliza shule, matokeo nimepata, sasa nangoja tu chuo kinijibu. Nina muda. Nitakisoma na kukuandikia kila sura kwa Kiswahili. Barua nitampa Caro wa samaki, maana huja huko Nagongera kila siku ya soko.

Kuna na jambo la tatu, ambalo nimelificha nyuma ya hayo mawili. Mwezi wa kwanza ulisema unakwenda kumsaidia Bibi Specioza kulima kwa wiki mbili. Utarudi lini? Kukhu hakuulizii. Lakini kila Jumamosi anapiga pasi shati lako la kanisani, halafu anasema limejichanganya na nguo zake.

Mjukuu wako,
Taaka


Nagongera
17 Machi 2024

Taaka wangu,

Barua yako ilifika ikinuka samaki kiasi kwamba paka wa Specioza alilala juu yake mchana kutwa. Nilimsukuma nikaisoma mara nne.

Suhasi Rane! Hujui umenifanyia nini. Nilikaa kwenye kigoda nyuma ya ghala nikawa kijana tena. Sikiliza nikueleze, maana ninyi mmezaliwa mkakuta wafasiri wa filamu wana studio na majina makubwa. Mwaka 1985 pale Busia tulikuwa na chumba kimoja cha mabati, televisheni moja, jenereta moja, na mimi. Nilisimama kando ya televisheni na maiki. Suhasi akifungua mdomo, mimi naongea. Mwizi akiongea, ni mimi. Mama mkwe, mimi. Hata ng'ombe akilia, watu walinigeukia niwaambie amesema nini. Mabenchi yalikuwa ya watu sitini na walikaa mia moja, Waganda kwa Wakenya, na wote walitaka Kiswahili.

Filamu ninayotaka uniandikie kwanza ni ile niliyoiita "Mke wa Getini". Mume wa Suhasi ni mlinzi wa geti la reli. Anaondoka kwenda mjini kutafuta maisha, miaka saba haandiki hata neno. Siku ya mwisho anarudi kwa gari. Suhasi anatoka, anamtazama, machozi yanamtoka, anasema maneno, kisha anaingia ndani na kufunga mlango. Hapo filamu inaisha, mlango umefungwa. Mimi niliwaambia watu kwamba Suhasi anasema hivi: "Nimekungoja miaka saba. Sasa ngoja na wewe dakika moja, nikajitengeneze nywele." Mabati yalitaka kung'oka kwa vigelegele.

Niambie kitabu kinasema nini kuhusu huo mlango.

Kuhusu kurudi, kazi ya shamba bado nyingi. Mihogo haijaisha. Usinisumbue na shati.

Babu yako,
Mukhwana


Busia
2 Aprili 2024

Babu yangu mpendwa,

Nimesoma sura saba. Nakuandikia kwa kifupi, maana kitabu kina maelezo mengi ya majina ya watu waliokula naye chakula.

Suhasi alizaliwa katika kijiji cha wavuna chumvi, baba yake akiwa mmoja wao. Alipochukuliwa kuigiza alikuwa na miaka kumi na sita na hakujua Kihindi vizuri! Kwao walisema lugha nyingine. Kwa hiyo mtu mmoja alilala chini ya kamera akimsomea maneno kwa kunong'ona, naye anayarudia kama amri. Anasema filamu mbili za kwanza hakujua analia kwa sababu gani. Mtu huyo wa kunong'ona aliitwa Dattu, fundi wa taa, na baadaye ndiye aliyemuoa. Nilicheka peke yangu, nikafikiri, kumbe hata yeye alikuwa na mfasiri wake.

Watu walipomkaribia alikuwa akitazama viatu vyao. Hapo niliweka kitabu chini, nikashangaa kwamba mtu mwenye uso ule anaweza kuwa kama mimi.

Kuhusu "Mke wa Getini", ipo ukurasa wa 118. Kitabu kinasema kama ulivyosema wewe, neno kwa neno. Anamwambia angoje dakika moja ajitengeneze nywele. Mwandishi anasema ndiyo kauli iliyopendwa kuliko zote. Basi Babu, ulifasiri vizuri kabisa.

Kukhu ameniona na kitabu. Aliuliza, "Huyo si yule mwanamke wa babu yako?" Nilisema ndiyo. Alitazama jalada muda mrefu, akasema, "Pua yake bado nzuri," akaenda zake gengeni.

Taaka


Tororo
11 Aprili 2024

Taaka,

Leo nimekuja Tororo kusafishwa mrija wa shingoni, na foleni ni ndefu. Nakuandikia kwenye benchi la kliniki. Dirishani naona ule mwamba mkubwa wa Tororo, na vumbi la kiwanda cha saruji limefanya mabati yote ya hapa kuwa ya rangi moja. Kila mtu kwenye benchi hili amefunga leso shingoni. Hakuna anayetazama mwenzake vibaya. Nimepumzika.

Sasa tuzungumze. Ukurasa wa 118 umenidanganya, mjukuu wangu. Kitabu hakiwezi kusema hivyo, kwa sababu maneno yale niliyatunga mimi.

Usiogope, sijakasirika. Nimecheka mpaka muuguzi akadhani nakabwa. Lakini kwa kuwa umenidanganya kwa upendo, na mimi nikwambie ukweli ambao sijamwambia mtu.

Mimi sijui Kihindi. Sijawahi kujua. Kaseti zilitoka Mbale, na kijana aliyezileta alinisimulia kisa chote asubuhi. Mchana naongeza chumvi yangu. Ile siku ya "Mke wa Getini" kijana hakuja, kaseti ilikuja peke yake ndani ya gunia la vitunguu. Ilibidi nitazame midomo na macho na nibuni.

Na benchi la mbele alikaa Loice. Kukhu wako. Alikuwa msichana wa ng'ambo ile, upande wa Kenya, alikuwa akivuka kuja kuuza mkate. Baba yake alikuwa ameniambia sitamuoa binti yake kwa kazi ya kupayuka kando ya televisheni, niende kwanza nikatafute kazi ya watu. Nilikuwa nimepata kibarua kiwandani Jinja, naondoka Jumatatu. Nilitaka kumwambia aningoje, na sikuweza. Unadhani aibu yako umeirithi kwa nani? Kwenye maiki nilikuwa simba, lakini nikiwa mbele ya mtu mmoja niliishiwa maneno.

Basi Suhasi alipofungua mdomo, mimi nilizungumza na benchi la mbele. Na mlango ulipofungwa ilibidi niupatie sababu, ndipo zikaja zile nywele.

Loice alingoja mwaka mmoja na miezi minane. Alikataa mwalimu wa Kakamega mwenye baiskeli mpya. Aliniambia mwenyewe, siku ya arusi, "Nilifanya kama Suhasi."

Kwa hiyo unaona. Mke wangu alinichukua kwa sababu ya sauti na kwa sababu ya maneno. Sauti wameitoa. Maneno yalikuwa ya uongo. Nimebaki na nini cha kukaa nacho mezani kwake? Siku zile za mwisho hapo nyumbani, wateja wake walikuwa wakiona tundu la shingo langu wanavuka barabara wakanunue nyanya kwa mwingine. Yeye hakusema kitu. Mimi niliona.

Usimwambie. Niahidi. Na uniandikie Suhasi alisema nini hasa. Nimesubiri miaka thelathini na tisa kujua.

Babu yako


Busia
20 Aprili 2024

Babu,

Nisamehe. Nilipoona ukurasa ule niliogopa kwamba utajisikia mdogo. Sikuwaza kwamba wewe ndiye mtu wa pekee duniani nisiyeweza kumdanganya kuhusu jambo hilo.

Ukweli ni huu. Anasema: "Aliyekungoja amekufa. Rudi ulikotoka." Kisha anafunga mlango. Kitabu kinasema wanaume walitoka kwenye sinema wakiwa wamenyamaza, na wanawake walirudi kuitazama mara ya pili.

Naahidi sitamwambia Kukhu.

Lakini na mimi nataka kukwambia kitu, na hiki sijakitunga, kipo kuanzia ukurasa wa 203. Suhasi alipokuwa na miaka arobaini na moja alipata kiharusi. Upande mmoja wa uso ulilegea, mdomo ukaenda kando. Aliondoka nyumbani kwake bila kuaga, akaenda kuishi kwa dada yake kijijini. Alimwambia dada yake kwamba anamwepusha Dattu na aibu, kwamba mwanamume aliyeoa uso ule asilazimishwe kula chakula mbele ya uso huu. Dattu alikuja akazuiwa getini. Akaandika barua. Suhasi hakuzifungua, aliziweka ndani ya sufuria. Baada ya miaka mitano Dattu alifariki, na siku hiyo ndipo alipozisoma. Unajua zilisema nini? Taa ya jikoni imeharibika, nimeitengeneza. Maembe yameiva. Jirani anakuulizia. Hakuna hata moja iliyotaja uso. Mwandishi alipomuuliza Suhasi alijisikiaje, alisema, "Nilimwamulia yeye, wala sikumuuliza."

Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatoka nje, nikazunguka nyumba.

Babu, muulize Kukhu. Au niruhusu nimuulize mimi. Rudi nyumbani.

Taaka


Nagongera
3 Mei 2024

Taaka,

Umekuwa na ulimi mrefu kwenye karatasi. Mimi si Suhasi Rane. Yeye alikuwa na uso ulioanguka, uso bado ni uso. Mimi nakohoa kupitia shingoni.

Usimuulize kitu. Usiniandikie tena habari za kitabu hicho. Niandikie habari za chuo.

Babu yako


Busia
16 Juni 2024

Babu yangu,

Nimekaa wiki sita bila kukuandikia. Leo navunja amri zako zote mbili, na ahadi yangu juu yake, kwa hiyo nitaandika haraka kabla sijaogopa.

Jana mchana Kukhu alikuwa uani akimenya njugu. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya tangi la maji na kitabu. Akaita, "We Taaka! Njoo na huyo mwanamke wako hapa. Nisomee."

"Kukhu, ni Kiingereza."

"Si ndiyo maana ulipelekwa shule? Kaa hapo ufasiri. Babu yako alifasiri jenereta likinguruma, wewe unashindwa na kuku?"

Nilikaa. Unajua sauti yangu, inaishia menoni. Lakini nilifasiri, Babu. Nilimweleza kijiji cha chumvi, na Dattu chini ya kamera. Alikuwa akicheka mahali pa kucheka. Mara nikafika ukurasa wa 118, nikanyamaza.

"Mbona umesimama?"

"Ukurasa umechanika."

"Umechanika wapi, na mimi nauona hapo mzima? Anafunga mlango. Anamwambia nini yule mume?"

Nilikumbuka ahadi. Nikasema, "Anamwambia angoje dakika moja, ajitengeneze nywele."

Babu, alicheka mpaka ungo ukaanguka na kuku wakaja kula njugu zote, wala hakuwafukuza. Alisema, "Haa! Na kitabu nacho kinasema hivyo? Basi Mukhwana amefika mpaka Bombay!"

Sikuelewa. Alipangusa macho kwa leso, akaniambia hivi. Alipokuwa mdogo mama yake alifua nguo kwa familia ya Wahindi kule Kisumu, na yeye alikulia uani kwao na watoto wao mpaka miaka kumi na minne. Wanawake wa nyumba ile walikuwa wakimchukua sinema Jumatano mchana awabebee vikapu vya chakula. "Hiyo filamu niliiona mara mbili," alisema, "kabla babu yako hajaigusa. Kihindi chenyewe nilikisikia kuliko Kiswahili. Nilikaa benchi la mbele nikamsikia Suhasi anasema aliyekungoja amekufa, na nikamsikia Mukhwana anasema ngoja nitengeneze nywele. Nilitaka kuzimia kwa kicheko. Halafu nikamtazama. Alikuwa anatetemeka na maiki mkononi, hanitazami mimi, anatazama viatu vyangu. Ndipo nikajua anayesema ni nani, na anamwambia nani."

Nikamuuliza kwa nini hakukwambia miaka yote hii.

"Nimwambie nini? Mtu anakuposa mbele ya watu mia moja, wewe unamsahihisha?"

Kisha akaokota ungo. Akaniuliza taratibu, kama anauliza bei ya kitu ambacho hana hakika ataweza kukinunua: "Alikwambia kwa nini aliondoka?"

Nilijaribu kumtazama viatu, Babu, lakini alikuwa peku. Nikamwambia.

Aliingia ndani. Jioni hakwenda gengeni.

Nimekuvunjia ahadi. Ukinikasirikia nitaelewa. Lakini ulikuwa umemwamulia, wala hukumuuliza.

Taaka


Busia
23 Juni 2024

Baba Rasto,

Sijaandika barua tangu ulipokuwa Jinja, kabla hatujamzaa Rasto wetu, kwa hiyo mwandiko utauvumilia.

Nimesoma barua zako zote kwa mtoto huyu. Hakunionyesha. Nilizitoa chini ya godoro lake. Ukitaka kugomba, nigombee mimi.

Unasema wateja walivuka barabara kwa sababu ya shingo yako. Walivuka kwa sababu nyanya zangu zilikuwa zimelainika. Ulikuwa karibu na mimi siku zote, ungeuliza.

Unasema niliolewa na sauti. Sauti hiyo hiyo imenikoromea sikioni miaka thelathini na saba. Nilikuwa nakupiga kiwiko kila siku, unageuka, unaanza tena. Sasa nyumba iko kimya kabisa na mimi ndiye nisiyelala. Hilo daktari wako hakulifikiria.

Sikungoja kwa sababu ya yule mwanamke. Nilingoja kwa sababu niliona mwanamume mwoga amepata njia ya kuniomba, na niliona imemgharimu. Mwalimu wa baiskeli hakutetemeka hata kidogo.

Sitakuja Nagongera kukubembeleza. Miguu inauma na Caro anabeba watu pamoja na samaki. Lakini usinijibu kwa barua. Barua nimechoka nazo.

Mama Rasto


Busia
25 Agosti 2024

Mjukuu wangu Taaka, hapo chuoni Busitema,

Tumepata salamu zako kwamba umefika, umepata kitanda, na kwamba mwenzako wa chumbani anaitwa Sandra na anaongea bila kupumua. Vizuri. Mwache aongee, na siku akichoka uanze wewe.

Umeona jina la mji nililoandika hapo juu. Basi sina haja ya kukueleza sana.

Nilifika Jumanne, siku tatu baada ya wewe kuondoka. Ile barua ya Mama Rasto nilikaa nayo wiki nane mfukoni. Usinihesabie. Wiki mbili za kwanza nilikuwa nimekasirika kwamba alijua, na kwamba miaka yote nilikuwa mwigizaji peke yangu kwenye sinema ambayo mtazamaji ameshaiona. Wiki zilizofuata niliogopa tu. Asubuhi moja Specioza aliweka mkoba wangu juu ya pikipiki ya Omoding, kijana wa bodaboda, akasema, "Kaka, mihogo iliisha mwezi wa tano."

Njia nzima nilipanga ishara za kumwonyesha. Nilikuwa na ishara ya samahani, na ishara nyingine ndefu ambayo nisingeweza kukueleza. Nilifika, nikamkuta gengeni anapanga nyanya mafungu mafungu. Nikainua mikono nianze. Akasema, "Shika hii," akanipa ndoo. Nikashika ndoo, mikono ikawa imejaa. Akasema, "Umekonda. Specioza anapika nini huko?" Basi nilisimama hapo na ndoo nikilia mbele ya watu wote, na yeye akanitoa leso shingoni, akaikunguta, akanifunga upya vizuri zaidi, kama anavyofunga mzigo usimwagike.

Sasa nakaa gengeni naye kila siku. Wengine wanatazama tundu, wengine hawatazami. Mtoto mmoja aliuliza kama filimbi inaweza kuingia hapo. Mama Rasto alimwambia alete filimbi tujaribu.

Lakini nilichotaka kukuandikia ni cha leo. Tumetoka kanisani, na mzee Olupot, jirani yetu mwenye mashine ya kusaga, akatukuta mlangoni. Unamjua, akiuliza kitu anauliza mpaka barabara ya pili wasikie. Akasema, "Mzee Mukhwana! Tulidhani umetuhama! Miezi saba yote huko Nagongera, ulikuwa unafanya nini?"

Watu waligeuka. Nilishika mikono hivi, nikaonyesha mtu anayelima. Jembe juu, jembe chini. Ni ishara ambayo hata mtoto wa chekechea angeielewa.

Olupot akamgeukia Kukhu wako. "Anasemaje?"

Mama Rasto alinitazama kidogo. Alikuwa amevaa kile kitambaa chake cha njano. Kisha akamjibu, kwa sauti kubwa, mbele ya waumini wote na mchungaji:

"Anasema alikuwa ananiwaza mimi tu."

Taaka, sikusema hivyo. Wewe ni shahidi, nimekueleza nilichoonyesha. Lakini Olupot alipiga makofi, na wanawake wa kwaya wakapiga vigelegele, na mimi nilisimama pale na mikono yangu hewani.

Sikumsahihisha.

Babu yako,
Mukhwana